Peke yako, na mwenzako, au na kikundi: ulinganisho kwa anayeanza kukimbia Lubumbashi

Mwenzangu wa kazini alinunua viatu vya spoti mwezi wa tano, akaviweka chini ya meza yake, vikakaa pale wiki tatu. Vyeupe, kamba bado zimekunjwa kama zilivyotoka dukani. Nilipomwuliza vinangoja nini, akanijibu: "Yaya, dada yangu, sijajua nikimbie na nani."

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mtu hudhani anayeanza ana shida ya viatu, au ya kilomita, au ya kitambi. Mimi nilianza futingi, yaani mbio hizi za mazoezi, mara tatu na kuacha mara mbili, na mara zote mbili miguu yangu haikuwa na kosa. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu, nikaugua, hakuna aliyejua kwamba nimeacha. Mara ya pili nilikuwa na kikundi kikubwa chenye fulana za rangi moja, na huko pia hakuna aliyejua.

Kwa hiyo swali lake si la mchezo. Nimemwekea hapa njia tatu ubavu kwa ubavu: kukimbia peke yako, kukimbia na mwenzako mmoja, na kukimbia na kikundi cha mwisho wa juma. Ya nne, kundi la simu, lile la kutumiana ujumbe na picha, nitaipitia haraka.

Tunapima nini

La kwanza ni asubuhi. Mwezi wa sita na wa saba hapa kwetu, kusini mwa Congo, baridi hushuka chini ya nyuzi 10 kabla ya jua, na jua lenyewe linachelewa, linatoka saa 12 imeshapita. Nani atakutoa kwenye blanketi?

La pili ni mwendo. Karibu kila anayeanza hukimbia haraka mno. Moyo na pumzi huzoea mapema, mifupa na kano huchelewa. Ndiyo maana wiki ya tatu au ya nne mtu anajiona simba, anaongeza kilomita, na hapohapo muundi unaanza kumuuma. Kipimo ambacho hakihitaji saa wala simu ni mdomo: ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, punguza. Sasa, katika kila njia, nani anaamua kasi?

La tatu ni njia yenyewe: giza, magari, vumbi, mbwa, na watu wabaya.

La nne, siku ya mashindano.

La tano ni kuanguka, na sisemi kujikwaa tu. Nasema palu, yaani malaria, msiba wa wiki mbili, kazi za zamu, mguu uliovimba, au ile asubuhi unayoamka ukajiambia "mambo haya si yangu". Kipimo hiki nimekipa uzito kuliko vyote, na atakayeona nimezidisha ana haki yake. Watu wengi huchagua namna ya kukimbia kwa kuangalia wanavyopenda kuanza. Mimi namwambia mtu aangalie jinsi anavyoacha mambo. Wewe uliacha vipi masomo ya Kiingereza? Uliacha vipi shamba la nyuma ya nyumba? Utaacha futingi kwa njia ileile, kwa hiyo chagua anayeziba tundu hilo.

Gharama sikuiweka. Viatu bei yake ni moja, ukiwa peke yako au mko hamsini.

Peke yako

*Asubuhi.* Hakuna anayekungoja, na huo ni uhuru na mtego kwa wakati mmoja. Muuguzi wa zamu, mama mwenye mtoto mchanga, mwanafunzi wa chuo aliye na mitihani, wote hawa hawawezi kuahidi saa. Wanakimbia dakika zinapopatikana. Lakini blanketi nalo linajua kwamba hakuna mtu getini.

Kinachosaidia hapa ni kuwa na mpango ulioandikwa, ili usijadiliane na nafsi yako kila siku. Kuna ule wa wiki tisa uliotungwa na Mmarekani Josh Clark mwaka 1996, wa kumtoa mtu kwenye kiti hadi kilomita 5. Unakimbia siku tatu kwa wiki, si zaidi. Wiki ya kwanza, baada ya kutembea dakika tano za kupasha mwili moto, unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unarudia hivyo kwa dakika 20. Sekunde sitini tu. Wengi wanaona ni dharau. Mimi niliona ni dharau hadi nilipofika sekunde ya arobaini.

*Mwendo.* Huu ni wako, na kwa mtu anayejisikiliza hapa ndipo peke yako inapowashinda wengine wote. Hakuna wa kumfuata wala wa kumwonea haya. Shida ni kwamba anayeanza hajajua bado sauti ya mwili wake, hawezi kutofautisha uchovu na maumivu. Kidogo nimsaidie: misuli kuuma siku ya pili au ya tatu baada ya zoezi jipya ni kawaida, itaisha. Maumivu ya muundi yaliyotandaa kwenye mfupa, yanayopungua ukipumzika, yanadai siku kadhaa za kutembea tu. Lakini ukigusa mfupa kwa kidole kimoja ukakuta sehemu moja inayochoma, na usiku inauma ukiwa umelala, acha kukimbia, nenda kwa daktari.

*Njia.* Hapa sina maneno mawili. Kukimbia peke yako gizani katika mji huu si ushujaa, na kwa mwanamke ni hatari tupu. Ukiwa peke yako ngoja kupambazuke, hata kama utachelewa. Chagua njia yenye watu: wanafunzi wanaokwenda shule, akina mama wanaopeleka mboga sokoni. Simu usiiweke mkononi. Muziki masikioni hapana. Kimbia upande wa kushoto wa barabara, kwa sababu sisi tunaendesha kulia, na hivyo utaiona gari inayokuja badala ya kuisikia mgongoni. Na mwambie mtu mmoja nyumbani umepita wapi.

Halafu kuna aibu. Siku zangu za kwanza mtaani Katuba, watoto walinifuata, na mzee mmoja kwenye kiti chake mlangoni aliniuliza kila asubuhi kwa sauti ya upole kabisa: "Mama, nani anakufukuza?" Ukiwa watu wawili hakuna anayeuliza hivyo. Mji wetu unaelewa mtu akikimbia nyuma ya mpira. Timu yetu ya TP Mazembe imetuzoesha. Mtu mzima anayekimbia bila mpira na bila mwizi, huyo bado ni habari.

*Siku ya mashindano.* Utafika na mwendo unaoujua, na hilo si jambo dogo. Utaondoka na habari ambayo hakuna wa kumsimulia aliyeiona.

*Ukianguka.* Kimya. Hili ndilo tundu kubwa. Palu yangu ya mwaka ule ilinilaza siku tano, dawa nikamaliza, nguvu zikarudi polepole, na siku moja nikatazama daftari langu nikakuta wiki saba hazijaandikwa kitu. Sikukumbuka hata siku niliyoacha. Hakuna aliyeniuliza, kwa kuwa sikuwa nimemwambia mtu.

*Inamfaa* mwenye ratiba isiyotabirika, mwenye haya kubwa, na yule ambaye mambo yake mengine ya peke yake huyafikisha mwisho. Mtu anayeweka akiba bila kusukumwa ataweza.

Na mwenzako mmoja

*Asubuhi.* Jirani yangu alikuwa hapigi simu, anaogopa kumaliza inite, salio la simu. Anagonga mlango wa chuma wa lupango, ua wa nyumba yetu, kwa sarafu ya zamani: ko, ko, ko. Mara tatu, halafu anangoja. Nilikuwa namsikia akipulizia mikono yake. Nilikuwa nikilala chini ya blanketi nikihesabu sababu, na sababu zote zilikuwa nzuri, lakini huwezi kumwacha mtu mzima asimame nje katika baridi ya mwezi wa saba akitazama mlango wako. Nikitoka namkuta amejifunga kitenge juu ya suruali ya spoti, anakifungua, ananikabidhi nikitundike kwenye ukuta wetu. Hapo tunaanza kutembea. Miezi kumi, na sidhani kama aliwahi kuniambia neno moja la kunitia moyo. Ile sarafu ilitosha.

*Mwendo.* Mwenzako ndiye kipimo cha mdomo kilichokamilika: mkiweza kupiga soga, mwendo ni sawa, soga ikikatika, mmezidisha. Sisi tuliongea bei ya unga wa bukari, yaani ugali, hadi tukafika kilomita 4 bila kujua.

Lakini watu wawili hawalingani kamwe. Mmoja atakuwa na pumzi zaidi, na mwenye pumzi akikosa adabu, mwenzake anakimbia mbio za mtu mwingine kila siku na kuumia. Tulipatana mapema, na patano hili nampa kila mtu bure: siku mbili tunakwenda kwa mwendo wa aliye dhaifu, siku ya tatu kila mtu kivyake, tunakutana mahali fulani. Dhaifu, naomba ieleweke, si mtu yuleyule daima. Wiki moja ni wewe, wiki nyingine ni yeye hakulala sababu ya mtoto.

*Njia.* Wawili ni bora kuliko mmoja, ila msijidanganye kwamba ni jeshi. Giza bado ni giza. Faida nyingine ni ndogo lakini ya kila siku: kwenye vumbi la kiangazi, gari linapopita, mmoja wenu atakuwa ameliona kwanza. Na msimu wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja, mmoja atasema turudi, radi inakuja, na mwingine hatabishana. Ukiwa peke yako unabishana na radi.

*Siku ya mashindano.* Hapa kuna jambo la kuzungumza kabla. Je, tutakimbia pamoja mpaka mwisho, au kila mtu na nafsi yake baada ya kilomita fulani? Nimeona urafiki ukipoa kwa sababu ya dakika nne. Mmoja alingoja, mwingine hakujua kwamba amengojwa, na wa kwanza alitaka kushukuriwa. Semeni mapema, hata kwa mzaha.

*Ukianguka.* Nguvu ya njia hii na udhaifu wake vyote viko hapa. Nilipopata palu mara ya pili, jirani alijua siku ileile, kwa sababu sikufungua mlango. Alikuja jioni na machungwa. Wiki iliyofuata akaja tena, akaniambia: "Sikuiti kukimbia. Nakuita tutembee mpaka kwenye barabara ya lami." Tukatembea. Siku ya pili tukatembea tena, na bado alikuwa amevaa viatu vyake vya kukimbilia, yeye ambaye angeweza kwenda kilomita zake. Ukiwa na homa mwilini hukimbii, hilo halina mjadala. Dawa zikiisha unaanza kwa kutembea, kisha unarudi nyuma wiki mbili tatu kwenye mpango wako bila kuona haya. Mambo haya nilikuwa nayajua tayari, kilichokosekana mara ya kwanza ni mtu wa kuyafanya pamoja nami.

Upande wa pili: kiti chenye miguu miwili. Alipohamia Likasi kumfuata mume wake, nilibaki na mlango usiogongwa. Nilikaa wiki sita. Wengi huacha hapa, si kwa uvivu, ni kwa namna ya maombolezo. Kwa hiyo ukiwa na mwenzako mmoja, jueni majirani wengine wawili watatu wanaokimbia, hata kama ni wa kusalimiana tu.

*Inamfaa* anayeacha mambo kimyakimya, anayetoka ugonjwani, mwanamke anayetaka kuanza mapema kabla ya kazi, na watu wa mtaa mmoja. Narudia: mtaa mmoja. Mwenzako wa mtaa wa Ruashi na wewe uko mtaa wa Golf, huyo ni mwenzako wa simu.

Na kikundi

*Asubuhi.* Kikundi kina siku yake, mara nyingi Jumamosi au Jumapili, na siku hiyo utatoka, kwa sababu ni sherehe. Utawasikia kabla hujawaona: mmoja anaita, wengine wanaitikia, viatu vinapiga lami kwa pamoja. Wimbo huo si pambo. Wimbo ukianza kukatika, mwenye kuongoza anajua watu wamechoka, anapunguza. Ni kipimo cha mdomo cha watu arobaini.

Ila Jumanne kikundi hakipo. Mara moja kwa wiki haitoshi kumjenga anayeanza, na anayekimbia Jumapili tu, kilomita nane kwa mkupuo mmoja kwa sababu wimbo ulikuwa mtamu, huyo ndiye tunayemwona Jumatatu akishuka ngazi kinyumenyume.

*Mwendo.* Swali la kuuliza kabla hujalipa mchango wala kununua fulana ni hili: nani anakimbia wa mwisho? Kikundi chenye mtu maalumu wa mkia, anayeondoka na aliye wa mwisho na kufika naye, kimefikiria wanaoanza. Kisicho naye kimefikiria picha. Kule Uingereza mbio za parkrun, zilizoanza mwaka 2004 na watu 13 katika bustani moja ya London, na sasa ziko nchi nyingi, huweka mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kuwa wa mwisho kila Jumamosi. Maana yake wewe mgeni huwezi kuwa wa mwisho, hata ukitaka. Jambo dogo namna hiyo, halina gharama, na hapa kwetu kikundi chochote kinaweza kulifanya kesho.

*Njia.* Hapa kikundi kinawapita wote. Magari yanapunguza, mbwa wanakaa mbali, hata kukiwa na kiza watu arobaini hawaguswi. Mwanamke anayetaka kuujua mji kwa miguu, kutoka mtaa wetu unaoitwa Kenya kupita Kamalondo mpaka katikati ya mji, au kuifuata barabara ya Kasapa kuelekea chuo kikuu, bila kikundi atajinyima mengi. Mimi mwenyewe niliiona mara ya kwanza Jumapili moja: jua linapanda nyuma ya bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba, barabara tupu. Miaka yangu yote hapa nilikuwa nimeupita mlima ule ndani ya basi, nimebanwa dirishani.

*Siku ya mashindano.* Kukimbia na wengi kunabeba, hakuna ubishi. Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna mwezi wa kumi mwaka 2019, alizungukwa na wakimbiaji 41 wa kumkatia upepo na kushika kasi, wakipokezana kwa makundi. Rekodi rasmi haikuhesabiwa, kwa sababu yalikuwa maandalizi maalumu. Na wale wa nyuma kabisa wanalijua jambo hilohilo: katika mbio za Comrades za Afrika Kusini, karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, watu hujipanga katika kile wanachokiita basi. Dereva ni mkimbiaji mzoefu anayejua atafika kabla ya muda uliowekwa, saa 12 tangu kuanza, kwisha, na abiria wanakimbia, wanatembea, wanaimba kwa amri yake.

Sasa nieleze yangu. Mbio za kilomita 10 za hapa mjini, tulikuwa kumi na mmoja, tumeapa kwenda pamoja. Filimbi ikalia, kilomita ya pili sikumwona hata mmoja. Kila mtu alikuwa ameshikwa na moto wa kuanza. Kilomita ya saba nilisimama, mkono ubavuni, kichomi kimenishika. Papa mmoja, baba wa makamo, viatu vya mpira miguuni, namba yake imeshikwa na vibanio vya nguo, alinifikia akasema: "Mama, usikae. Toa pumzi yote nje, kama unazima taa. Hatua fupi. Tufike kwenye nguzo ile." Tukafika kwenye nguzo ya umeme. "Sasa ile." Tulikwenda nguzo kwa nguzo mpaka mwisho, hakuniuliza jina. Watu wangu kumi walinipigia makofi kwenye mstari, walikuwa wameshakunywa soda.

Sikuwalaumu sana. Lakini nilijifunza kwamba kikundi kukuahidi ni jambo moja, na kikundi kumteua mtu ni jambo jingine.

*Ukianguka.* Kikundi kinafanana na likelemba, ule mchango wa pesa unaopokelewa kwa zamu. Likelemba inakwenda kwa sababu kila jina liko kwenye karatasi, na siku usipoleta mchango kuna mtu anayegonga mlango. Kikundi chenye karatasi ya majina na mtu wa kugonga mlango kitakurudisha, hata baada ya mwezi. Kisicho nayo, utatoka kama maji kwenye kikapu. Mimi nilikosa Jumapili nne kwa sababu ya msiba, niliporudi mtu akaniuliza kama mimi ni mgeni. Alikuwa mwema, alinikaribisha vizuri. Sikurudi tena.

Na kuna mambo ya watu: michango ya fulana, uchaguzi wa rais wa kikundi, maneno. Baadhi wanapenda. Mimi napenda kidogo.

*Inamfaa* mtu wa watu, mgeni mjini, anayeogopa barabara, anayehitaji furaha ili afanye jambo, na mwenye mbio mbele yake anayetaka kuzoea kukimbia katikati ya viwiko vya wengine.

Kundi la simu

Asubuhi: halikutoi kitandani, linakuonyesha waliotoka. Mwendo: hatari, kwa sababu kila anayetuma kilomita anatuma siku yake nzuri, hutaona picha ya aliyetembea. Njia: halisaidii, ingawa kumjulisha mtu umeondoka na umefika kuna maana. Mashindano: wanakupongeza. Ukianguka: inategemea kama yuko mmoja ndani yake anayejua kuuliza "mbona kimya?" bila utani. Megabaiti ni zako. Litumie juu ya njia nyingine, na kwa waliotawanyika, mmoja Kolwezi, mwingine Likasi, mwingine hapa, lina thamani ambayo sitaibeza. Jirani yangu niko naye humo.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kukimbia kabisa na mwili ni mzito: wiki nne za kwanza nenda peke yako kulipokucha, au na mtu mmoja, kwa ule mpango wa sekunde 60. Kikundi baadaye. Ukianza na kikundi chenye haraka utadhani mwili wako ni mbovu, kumbe ulikuwa kwenye darasa la sita siku ya kwanza ya shule. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua apite kwa daktari kwanza.

Kama kazi yako ni ya zamu: peke yako siku za kazi, kikundi Jumapili unayoipata. Na umwachie mtu mmoja nyumbani kazi ya kukuuliza. Mtoto wa miaka kumi anaifanya kazi hiyo vizuri kuliko mtu mzima, hana huruma.

Kama wewe ni mwanamke na saa pekee unayoipata ni kabla ya jua: usiende peke yako. Mtafute wa mtaa wako, na kama hayupo, chukua jioni au uzunguke ndani ya uwanja wa shule au wa kanisa wakikuruhusu. Kuzunguka kunachosha akili, nakubali.

Kama umejiandikisha kwa mbio na zimebaki wiki nane: changanya. Siku mbili na mwenzako, siku moja na kikundi, na angalau mara moja kwa wiki mbili kimbia bila mtu, ili ukiachwa kilomita ya pili usishangae kama mimi.

Kama uko kwenye kikundi tayari na unaona watu wanapotea: omba wewe kazi ya mkia, au karatasi ya majina. Hakuna atakayekugombania.

Mwenzangu wa ofisini, kwa kuwa najua mtaagana nami mkitaka kujua, alichagua mtu mmoja: mlinzi wa jengo letu, papa mwenye mvi anayemaliza zamu alfajiri na anayekaa mtaa mmoja naye. Wanakwenda Jumatano na Ijumaa. Sikulifikiria hilo, na lisingekuwa kwenye orodha yangu. Viatu bado anavileta ofisini siku hizo, anaviweka palepale chini ya meza, vina vumbi jekundu mpaka kwenye kamba, na bwana wa usafi ameshalalamika mara mbili.

Na kama uliacha, wiki sita au miaka sita, usianze ulipoishia. Sekunde sitini za kukimbia, tisini za kutembea, dakika ishirini, urudi nyumbani ukaoge. Kabla ya kulala mwambie mtu mmoja kwamba keshokutwa utatoka tena, na umwambie saa.